Watano Wameshuka, Gari Halijapanda

Mwezi uliopita tulifunga duka la baba. Tulikuwa tunatoa makopo ya mwisho ya rangi na mifuko ya misumari iliyoshika kutu, mpwa wangu akainua kile chuma kilichokuwa kinazuia mlango usijifunge, akaniuliza kama ampe yule jamaa wa chuma chakavu aliyekuwa anasubiri nje na toroli lake. Ni springi ya gari, ncha yake moja imeungua mpaka ikaingia weusi. Nikaisogeza puani kabla sijajibu. Haikuwa na harufu yoyote zaidi ya kutu na vumbi la Kariakoo, lakini mimi nilisikia grisi, nikasikia petroli, nikasikia udi wa dada Salha kwenye kiti cha nyuma, na moyo ukanidunda vile vile ulivyokuwa ukinidunda nilipokuwa darasa la tatu na kazi yangu ilikuwa kumpeleleza mtu. "Hiyo haitoki," nikamwambia. Mpwa wangu akanitazama kwa jicho la shaka. Nikafurahi, maana shaka ni mali ya ukoo wetu.

Mimi ni mtu wa kushuku, nisiwafiche. Nikisalimiwa kwa adabu nyingi, nashika mkoba. Nikipewa kipande cha embe nionje, nataka kwanza kujua kwa nini. Ndivyo nilivyolelewa. Baba alikuwa Mwarabu wa Kariakoo, kazaliwa pale pale kama baba yake, akiuza misumari, bawaba, rangi na nondo, na aliamini kwamba kila anayeingia dukani ana jambo jingine kichwani. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, simkumbuki hata sauti. Nyumba ilikuwa ya watu wanne: baba, bibi mzaa baba, dada yangu Salha, na mimi. Salha ndiye aliyenisuka nywele, akaniogesha, akanifundisha kusoma, na usiku nililala nimeshika pindo la khanga yake.

Kitu kimoja tu baba alikiamini katika dunia hii, nacho ni springi za gari. Kila asubuhi kirikuu na pikapu zilileta mizigo mlangoni, naye kabla hajamsalimu dereva alichuchumaa, akaangalia nafasi iliyobaki kati ya tairi na bodi. "Nondo hazijatimia," alisema, na kweli, zikihesabiwa, hazijatimia. Mzigo ukishateremshwa alichuchumaa tena. Gari likishapunguziwa mzigo hupanda, na lisipopanda vizuri basi kuna mfuko umesahauliwa makusudi chini ya turubai. Madereva walimwogopa. "Mtu anadanganya," alikuwa akiniambia, "risiti inadanganya, hata mizani ya siku hizi inadanganya. Gari halidanganyi." Nilimwamini kama nilivyoamini kwamba jua linazama upande wa Ilala.

Sasa, Salha alikuwa ameshavuka umri ambao wanawake wa mtaani wanaanza kuuliza, "Na huyu vipi?" Si kwamba hakuposwa. Aliposwa mara mbili, na mara mbili baba aliwarudisha watu. Wa kwanza alicheka kabla mzaha haujaisha; baba akasema mtu wa namna hiyo ameshaambiwa acheke. Wa pili alikunywa kahawa chungu bila kukunja uso, na baba akasema anayeficha uchungu wa kahawa ataficha na mengine. Bibi akamwambia, "Wewe mwanangu, ukishushiwa malaika utamuuliza kitambulisho." Baba akajibu kwamba naam, atamuuliza, na malaika wa kweli hatakasirika.

Wa tatu alikuwa Nassor. Kijana wa Ilala, wa familia ya pwani iliyokaa mjini miaka mingi, mrefu, sauti ya chini, anauza viatu vya mtumba pale Mchikichini. Salha alimpenda. Hakuniambia, lakini siku ya posa alipaka wanja mara tatu na mara tatu akaufuta, kisha akanishika mabega. "Sikiliza, mdogo wangu. Baba akimkataa huyu, sitaki tena kusikia neno posa ndani ya nyumba hii. Nitakaa hapa na nyinyi mpaka nizeeke, na sitamsamehe." Alisema kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionitisha. Kwangu mimi ilikuwa mtihani wa pande mbili: nilitaka afurahi, na nilitaka asiondoke.

Walikuja baada ya alasiri. Kwanza tulisikia muungurumo, kisha likatokea gari la Kijapani la mbio, milango minne, bluu iliyokoza, tairi pana, na limelala chini hata paka wa mtaani asingepita uvunguni bila kuinama. Wapagazi walisimamisha mikokoteni yao kulitazama. Baba alisimama kizingitini, mimi nimeshika kanzu yake. Wakashuka wajomba wawili, akashuka mshenga, akashuka mama yake Nassor akiwa ameshika utosi na kusema "Ya Allah!" kwa sauti ya ndani, na mwisho akashuka Nassor mwenyewe kutoka kwenye usukani. Baba akawapa mikono, karibuni, karibuni ndani, lakini macho yake yalikuwa kwenye gurudumu la nyuma. Nikaona anasubiri kitu. Nikasubiri naye.

"Watano wameshuka," akaninong'oneza, "gari halijapanda."

Kwa desturi muoaji haingii kwenye kikao cha posa, kwa hiyo Nassor alibaki nje kwa kinyozi. Ndani, watu walikula halua, wakasifiana, mshenga akasema maneno yake mazuri. Baba akaitikia vizuri, akaomba muda tuulize kwanza, kama inavyofanywa. Walipoondoka akaturudia uso umebadilika. Kile kilichobaki ndani ya gari baada ya watu watano kushuka, alisema, ni kizito kuliko watu watano, na mtu anayekuja kuposa huku amebeba kitu kizito namna hiyo bila kukitaja, huyo tumwangalie kwa macho yote mawili.

Akatuma watu Mchikichini waulize. Wakarudi na habari kwamba Nassor anaswali, hana ugomvi na mtu, mama yake anamsifu. "Sifa nyingi mno," alisema baba. Mtu mmoja tu alileta kitu cha maana: kwamba kijana ana grisi kwenye kucha. Baba akaishika ile grisi siku nzima. Muuza viatu na grisi wapi na wapi? Viatu gani vinapakwa grisi? Na bibi, ambaye hadi hapo alikuwa upande wa Salha, akashusha tasbihi yake akasema polepole kwamba mizigo mingine haionekani kwa macho, na wapo watu mjini hapa wanafuga, na kile wanachofuga ni kizito. Alikuwa anasema majini. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya meza namenya karanga, na tangu hapo sikwenda tena msalani peke yangu.

Ndipo baba akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Kila Jumamosi Salha na mimi tulikwenda Buguruni kwa shangazi yetu. Baba akasema kama Nassor anataka kutupeleka kwa gari lake, na atupeleke, mradi mimi niwepo. Salha alinibusu kwa furaha, masikini. Hakujua kwamba usiku ule baba aliniita dukani, akanipa andazi, akasema, "Wewe una macho madogo, yanaona mbali. Utaangalia ndani ya buti. Utasikiliza. Utaniambia anapita wapi."

Nikaangalia ndani ya buti. Kulikuwa na tairi la akiba, mkeka wa kuswalia na chupa ya maji. Niliinua kapeti kwa kisingizio cha kutafuta kibanio changu, na chini yake hakuna kitu. Kwa baba kutokuwepo kitu ilikuwa habari mbaya zaidi. "Basi kimefichwa vizuri," alisema.

Nikasikiliza. Kila tulipopita kwenye tuta, hata polepole, kitu kiligonga chini yetu: *du!* Nassor aliuma meno, akakunja uso, akatazama kwenye kioo kuona kama tumesikia. Tuta jingine, *du!* tena, moja kwa moja chini ya makalio yangu. Hakikuwa chuma kinachogongana, niliapa. Ilikuwa ni mtu au kitu mfano wa mtu, kimefungiwa uvunguni na kinataka kutoka. Na kwenye kona gari lilikuwa linayumba nyuma, Salha anadondokea mlangoni, Nassor anasema "samahani, samahani" huku jasho linamtoka, na mimi nikajua ni kile kitu kinahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Nilisoma Kulhuwallahu mpaka Buguruni.

Na njia! Kutoka Kariakoo kwenda Buguruni mtu yeyote mwenye akili anashika barabara ya Uhuru, Ilala, Malapa, amefika. Nassor alizunguka kwa barabara ya uwanja wa ndege mpaka Tazara, ndipo akakata kuja Buguruni. Safari ya kununua chumvi ikawa ya kwenda kuhiji. Salha alipomuuliza akasema, "Huku barabara imetulia." Mitaa mingine aliikwepa kabisa, na alikopita anakata matuta kwa mshazari, gurudumu moja kwanza halafu jingine. Baba alipolisikia hili alisimama. "Kuna mtu Uhuru hataki kukutana naye," akasema. "Pengine mke." Nikalala naye huyo mke wa Uhuru kichwani, nikimwona amesimama barabarani na watoto, na uvunguni kinagonga kile kitu cha bibi. Sikujua nimwogope yupi zaidi.

Salha alianza kunusa jambo. Jioni moja alinikamata mlangoni nikitoka dukani, makombo ya andazi mdomoni. "Unamwambia nini baba?" Nikasema simwambii kitu. Akanifuta makombo kwa pindo la khanga. "Haya," akasema. "Lakini ukimwambia kitu, mwambie na hiki: siku ile mvua inanyesha alitoa shati lake la juu akalitandika kitini ili nisilowe. Hilo mmelipeleleza?" Hatukuwa tumelipeleleza. Nikampelekea baba, naye akauliza shati lilikuwa la rangi gani, na kama ni jipya.

Jumamosi ya nne Nassor alituma ujumbe kwamba gari lina dharura, hawezi kuja. Kabla ya adhuhuri shangazi akampigia baba simu: gari la bluu limeonekana Buguruni, limeingia kwenye uwanja mmoja nyuma ya mafundi seremala, geti limefungwa. Baba akaweka simu chini. "Leo ndiyo leo," akasema. Akaacha duka kwa kijana wake, jambo ambalo hata siku ya msiba wa jirani hakulifanya, akaniweka kwenye kirikuu la duka. Alipitia Uhuru, akitazama kila mwanamke aliyesimama na watoto.

Geti lilikuwa wazi kidogo. Ndani kulinuka mafuta na mabati yaliyochomwa na jua. Gari la bluu lilikuwa hewani juu ya stendi nne za chuma, halina tairi hata moja, na chini yake ilitokeza miguu miwili mirefu yenye makubazi. Nilijua yale makubazi. Baba hakusema hodi. Alikunja kanzu, akapiga magoti kwenye mchanga wenye mafuta, akaingiza kichwa uvunguni. Nilifumba macho nikingoja kelele.

"Shikamoo, mzee," ikasema sauti ya Nassor kutoka chini.

"Marahaba," akajibu baba, kutoka huko huko chini. "Kiko wapi?"

"Kipi, mzee?"

"Mzigo."

Nassor akatoka akiwa mweusi mpaka kwenye nyusi. Fundi wake, mtu mnene aitwaye Chande, akabaki na spana mkononi hajui aite watu au akimbie. Baba akazunguka gari zima, akagonga milango kwa vidole, akafungua buti, akakunjua mkeka wa kuswalia akaukunja tena. Hakuna kitu. Kisha akaona springi nne zimelala juu ya gunia. Akaokota moja. Baba alikuwa ameuza chuma maisha yake yote. Alipitisha kidole kwenye ncha iliyoungua, akainusa, akaacha kupekua. "Nani amekichoma hiki?" aliuliza, na sasa sauti ilikuwa ya dukani, ya mtu anayeuliza jambo analolijua.

"Aliyeniuzia gari," alisema Nassor. "Alitaka liwe chini, akazikata kwa gesi. Sikujua. Moto umeziua nguvu, zimebaki fupi na zimelegea, gari limekalia raba za mwisho hata likiwa tupu, watu wakishuka halipandi. Ukipita kwenye tuta linajipiga. Ukikata kona na watu nyuma, linakutupa. Ndiyo maana napita Tazara, mzee, kule hakuna mashimo."

Yaani hakukuwa na mke wa Uhuru! Nilihisi kama nimeibiwa.

Baba hakuachia. "Na siku ile ulikuja na wazee. Ulimpakia mama yako kwenye hiki?"

Nassor aliangalia chini. Nilimwona anatafuta jibu zuri, na nikaona analiacha. "Nilimpakia. Pale kwenye tuta la karibu na kwenu alijigonga kichwa kwenye paa. Nilisikia, nikaona aibu, nikanyamaza. Tangu siku ile natafuta springi na shokapu za kweli. Salha hajui. Nilimficha."

"Umemficha," alirudia baba. "Na kwa nini usirudishe zile za kiwandani, ukaendesha kama watu?"

"Naweza, mzee. Lakini nalipenda likiwa chini. Sitakudanganya."

Chande akakohoa. Mimi nilimjua baba: alikuwa na dawa ya majibu laini, lakini kwa mtu anayekiri upuuzi wake mchana kweupe hakuwa amejiandaa. Akavuta kreti la soda, akaligeuza, akakaa. "Endeleeni," akasema. "Mimi nipo."

Akakaa pale mpaka alasiri, macho hayabanduki. Springi mpya zilikuwa fupi lakini nene na ngumu, hazibonyei ovyo, na kila moja ilikuja na shokapu yake fupi, zimetengenezwa kwenda pamoja. Baba akazipima zote kwa shubiri, ya kulia na ya kushoto, akitafuta tofauti. Zilipokwisha kufungwa, Chande akaacha nati za mikono ya chini, ile vyuma inayoshika magurudumu, hazijakazwa, akaanza kurudisha tairi.

"Wewe! Unaacha nati zimelegea?" Baba alikuwa ameshasimama.

"Lazima mzee. Nikizikaza likiwa hewani, raba zinajisokota. Likishuka linakaa limenuna maisha yake yote, na raba zinakufa mapema. Zinakazwa likishakanyaga chini na uzito wake."

"Nitaona," alisema baba. Na gari liliposhuka aliona. Chande alikaza, baba akajaribu kila nati kwa mkono wake mwenyewe, akachafua kanzu ambayo bibi alikuwa ameitia buluu siku ile ile.

Ndipo likaja suala la kimo. Springi zile zilikuwa na ringi za kuzungusha, unapandisha au unashusha utakavyo. Nassor alichomeka vidole viwili kati ya tairi na bodi. "Viwili, Chande."

"Vinne," alisema baba.

"Mzee, vinne si litakuwa fuso?"

"Mimi nina mama mwenye kilo zake na nina binti wa kuolewa. Vinne."

"Viwili na nusu."

"Kijana, unauza au unanunua?"

Nassor akacheka, kisha akaona baba hacheki, akajifuta uso kwa kiwiko. "Vitatu, mzee. Kwa vitatu shokapu zina nafasi, halijipigi, na kwenye kona linatulia kuliko hata lilivyotoka kiwandani. Tukitoka hapa tunakwenda kunyoosha tairi kwa mashine ya alaimenti. Nikipanda zaidi ya hapo nimelifanya teksi. Nikishuka zaidi ya hapo namuumiza mtu. Vitatu."

"Vidole vya nani?"

"Vyako, mzee."

Baba akachomeka vidole vyake. Vilikuwa vinene, vya mtu wa nondo, na vitatu vyake vilikuwa karibu vinne vya Nassor. Akamwashiria Chande azungushe. Hivyo ndivyo walivyopatana juu ya dada yangu, ingawa pale hakuna aliyelitaja jina lake. Tulipoondoka baba alichukua springi moja iliyoungua. Chande akauliza ya nini. "Ushahidi," alisema baba.

Jioni ile ile jaribio likafanyika. Bibi aliletwa chini akilalamika, akaketishwa nyuma, gari zima likamjua. Mimi pembeni yake, baba mbele. Salha alikuwa dirishani ghorofani, mkono mdomoni. "Usipitie Tazara," alisema baba. Tukashika Uhuru. Bibi alisoma Ayatul Kursi kwa sauti tangu kwenye taa mpaka Malapa, na mimi nilikaza miguu nikisubiri. Tuta la kwanza, gari likapanda, likashuka, likanyamaza. La pili, kimya. Nassor alikata kona kwa mwendo ambao ulimfanya baba ashike mlango, na gari likapita kama limeshikwa na mkono. Sikusikia kugonga hata mara moja. Niliwaza kile kitu kimetolewa kule gereji wakati nimefumba macho, nikajuta kwamba sikukiona.

Tuliporudi, mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari. Tukashuka, bibi wa mwisho, akivutwa na watu wawili. Baba akachuchumaa pale barabarani, guta la mizigo likamkwepa, akaangalia gurudumu la nyuma. Nami nikachuchumaa. Gari lilikuwa limepanda upana wa ukucha, basi. Nilitazama juu, nikamwona Salha ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili.

"Baba," nikasema, maana nilikuwa mtoto mwenye kukumbuka, "gari halidanganyi."

Baba akagusa tairi kwa kidole. Kisha akainuka, magoti yakimlia, akamgeukia Nassor. "Hili linadanganya," akasema. "Lakini mwenyewe leo amesema kweli. Mwambie mshenga wako aje Ijumaa." Akaingia dukani, akaiweka ile springi mlangoni, pale ambapo kila anayeingia ataiona. Juu dirishani hakukuwa na mtu tena. Nilisikia Salha analia ndani, kilio kile cha wanawake kinachochanganyika na kicheko, na mimi nikalia pia, changu kikiwa kilio kitupu, kwa sababu sikujua nitalala nimeshika pindo la nani sasa.

Walioana. Salha akahamia Ilala kwa gari lile lile, limefungwa utepe mweupe, vidole vitatu. Miaka yote iliyofuata Nassor akija dukani baba alichuchumaa kwanza na kupima kwa vidole kabla hajaitikia shikamoo, akitafuta kama mtu ameshusha kwa siri. Nassor alisubiri bila kuudhika. Na kila akitoka, baba aliniambia, "Bado namwangalia."

Kisha baba akaugua. Ule mwili wa nondo ulimwisha taratibu, na kwenda na kurudi hospitali akakataa teksi, akakataa bajaji, akakataa hata kirikuu lake mwenyewe. Alitaka gari la Nassor. Alisema mlango wake uko chini, hapandi wala hadandii, na barabarani halimtikisi mifupa. Tukimwambia hayo ni kama sifa, alisema si sifa, ni maelezo.

Siku moja tulirudi kutoka hospitali, tukasimama mbele ya duka. Nassor akamshika akamtoa, Salha ameshika mto, mimi mkoba wa dawa. Baba akasimama, akapumua, halafu mazoea ni mazoea, akageuka kuangalia gurudumu. Sote tukaangalia naye. Tuliona alichokiona. Mtu mzima ameshuka, na gari halikusogea hata unywele.

"Halijapanda," alisema. Aliangalia mikono yake, ile ya nondo, sasa mifupa mitupu. Alikuwa hajaniambia kamwe kwamba anaogopa, wala hakuniambia siku ile, lakini niliiona hofu usoni pake, na Salha akageukia ukutani.

Nassor alikuwa anafunga mlango wa gari. Hakuinua hata kichwa. "Hili gari linadanganya, baba," akasema. "Ulisema mwenyewe."

Baba akamtazama kwa yale macho yake ya zamani, ya kutafuta nondo iliyopungua. Alijua anadanganywa, mimi nilimwona anajua.

"Kweli," akasema. "Nilisema." Akanyoosha mkono, akauweka kwenye bega la Nassor, wakapita pamoja juu ya kizingiti, pembeni ya ile springi.